Pumu, pampu na mitishamba: mwongozo kamili wa kuondoa vikwazo vya matibabu bila kuficha kitu

Alitoa vitu vyake mfukoni kimoja kimoja, akavipanga mezani. Pampu ya bluu, imechakaa mpaka maandishi yamefutika. Pampu ya kahawia, ingali ndani ya boksi lake, mpya kama ilivyotoka duka la dawa. Vidonge vitano vya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, vilivyobaki tangu mwezi uliopita. Nikadhani amemaliza, kumbe mfuko bado umevimba.

“Mama, na hicho?”

“Aa, hiyo ni dawa ya nyumbani tu, mwanangu. Siyo ya kuandika.”

Ilikuwa chupa ya nusu lita iliyoviringishwa gazeti, ndani yake maji ya mizizi. Alikuwa akinywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, mwezi wa nne huo. Na ni miezi hiyo hiyo minne ambayo pampu ya kahawia ilikuwa imelala ndani ya boksi. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona sababu ya kusema.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua, na mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria yeye. Sina nia ya kumnyang’anya mtu chupa yake. Nilichojifunza kwa kukaa na wagonjwa wa pumu ni kwamba mara nyingi kinachowaumiza si ule mzizi. Ni pampu iliyoachwa kwa sababu ya mzizi, pamoja na ukimya uliolifunika jambo lote. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa hili: tiba yako ya pembeni umeiongeza juu ya dawa ya kukinga, au umeiweka mahali pake?

Kama umebanwa sasa hivi unaposoma haya, ruka yote uende hatua ya mwisho.

Hatua ya 1: Tofautisha dawa ya kutuliza na dawa ya kukinga

Pumu ni ugonjwa wa uvimbe. Utando wa ndani wa njia za hewa huvimba na kutoa makohozi mazito, na misuli inayozizunguka njia hizo hukaa tayari kukaza ikichokozwa kidogo tu: vumbi, moshi, mafua, hewa ya baridi, manyoya ya paka, hata kicheko kirefu. Siku unayopumua vizuri, uvimbe unaweza kuwa bado upo. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana tumezoea kwamba ugonjwa usiouma umekwisha.

Dawa ya kutuliza, ambayo kwa kawaida ni salbutamoli, hulegeza ile misuli. Dakika chache tu unafunguka, na nguvu yake hukaa saa nne hadi sita. Uvimbe wenyewe haiugusi. Dawa ya kukinga ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, budesonidi au flutikasoni. Hiyo ndiyo inayopunguza uvimbe, lakini polepole, kwa siku na wiki, na huisikii ikifanya kazi. Mpe mtu dawa mbili, moja anaisikia papo hapo na nyingine haisikii kabisa, utajua mwenyewe ataipenda ipi.

Mapenzi hayo ni ya hatari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Uchunguzi wa vifo vya pumu uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulikuta kwamba kati ya marehemu waliokuwa wakitumia dawa ya kutuliza, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 za dawa hiyo katika mwaka wao wa mwisho. Upande wa pili, utafiti wa Kanada uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kila pampu moja zaidi ya steroidi ya kuvuta iliyotumika ndani ya mwaka iliendana na kupungua kwa vifo vya pumu kwa asilimia 21. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kwa kifupi GINA, haushauri tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake, hata kama pumu yake ni nyepesi.

Kwa hiyo fanya hivi leo: toa pampu zako zote, na kwa kila moja ujiulize kama inatuliza au inakinga. Usitegemee rangi, kwa sababu rangi hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Soma jina la dawa, na ukishindwa muulize mfamasia. Zipo pampu zenye dawa mbili ndani, kama ile ya budesonidi na formoteroli, ambayo mtu anaweza kuandikiwa kwa kukinga na kwa kutuliza pia. Kwa mtu anayesahau dawa, au asiye na uwezo wa kununua pampu mbili, hilo ni jambo la kumuuliza daktari kwa dhati.

Hatua ya 2: Jipime kwa maswali manne

Usijiulize “naendeleaje?” Mgonjwa wa pumu wa miaka mingi atajibu “nzuri tu” huku ameacha kupanda ngazi tangu zamani. Jiulize kuhusu wiki nne zilizopita:

- Je, nimepata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki?
- Je, pumu imeniamsha usiku, hata mara moja?
- Je, nimetumia dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki?
- Je, kuna shughuli yoyote nimeipunguza au kuiacha kwa ajili ya pumu?

Ukijibu hapana kwa yote, pumu yako imedhibitiwa. Ndiyo moja au mbili, imedhibitiwa nusu. Ndiyo tatu au nne, haijadhibitiwa, hata kama umeizoea. Andika majibu na tarehe, utayahitaji tena katika hatua ya 7.

Hesabu pia pampu za kutuliza ulizomaliza ndani ya mwaka. Zikifika tatu zenye mipulizo 200 kila moja, yaani karibu mipulizo miwili kwa siku, uko kwenye kundi lenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali, na unatakiwa kuonwa na daktari mapema kuliko siku uliyopangiwa.

Hatua ya 3: Kitaje kikwazo chako kwa jina lake

Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya wagonjwa wa pumu, wakubwa kwa watoto, hawatumii dawa ya kukinga kama walivyoandikiwa. Si kwamba ni wazembe. Kila mmoja ana sababu yake, na ukiisikiliza ina mantiki. Shida ni kwamba tunawatibu wote kwa kuwaambia “tumia dawa yako”, wakati sababu zao hazifanani.

*Hofu ya steroidi.* Hii ndiyo ninayoisikia kuliko zote, tena kwa wazazi. Watu wamesikia kwamba steroidi hunenepesha uso, hudhoofisha mifupa, huleta kisukari. Ni kweli, steroidi za vidonge zikitumiwa muda mrefu au mara kwa mara huweza kufanya hayo. Lakini angalia vipimo. Mtu mzima kwenye kipimo cha chini cha budesonidi huvuta mikrogramu 200 hadi 400 kwa siku. Vidonge vya prednisoloni wakati wa shambulio mara nyingi ni miligramu 40 kwa siku, yaani mikrogramu 40,000. Dawa hizi mbili hazilingani nguvu uzito kwa uzito, lakini tofauti ni kubwa, na ile ya kuvuta inakwenda moja kwa moja mapafuni. Anayeikimbia pampu kwa kuogopa steroidi huishia kumezeshwa vidonge kila anapobanwa, na steroidi anayopata mwisho wa mwaka ni nyingi zaidi.

Je, dawa ya kuvuta haina madhara yoyote? Inayo, na sipendi mgonjwa adanganywe. Inaweza kuleta utando mweupe mdomoni na kukwaruza sauti, ndiyo maana tunasisitiza kusukutua. Kwa watoto, utafiti uliowafuata mpaka utu uzima na kutolewa mwaka 2012 ulikuta waliotumia budesonidi walikuwa wafupi kwa sentimita 1.2 kwa wastani. Mzazi ana haki ya kuijua namba hiyo, kisha aipime na usiku ambao mtoto wake hawezi kulala.

*“Nimepona.”* Wiki mbili bila dalili, pampu inarudi kabatini. Nafuu hiyo imeletwa na hiyo hiyo dawa. Kipimo kinaweza kupunguzwa, ndiyo, lakini pumu ikiwa imetulia kama miezi mitatu, tena kwa mpango wa daktari, ngazi kwa ngazi.

*Hofu ya kuizoea.* “Ukianza pampu huwezi kuiacha.” Pampu haileti uraibu. Kinachomrudisha mtu kwenye pampu ni pumu yenyewe.

*Gharama.* Hapa sina maneno ya kukutuliza, ninayo mambo ya kuuliza. Je, kuna dawa ile ile isiyo ya jina maarufu? Je, pampu moja yenye dawa mbili inatosha? Je, dawa hii iko kwenye orodha ya dawa zinazolipiwa na bima au zinazotolewa hospitali ya umma? Steroidi za kuvuta zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo kuziulizia si kujidekeza. Jambo moja zaidi: usijipunguzie kipimo kimyakimya ili pampu ifike mwezi ujao. Mwambie daktari kiasi unachoweza kulipa. Ni heri akupangie tiba unayoimudu kuliko tiba nzuri iliyoishia kwenye karatasi.

*Aibu.* Kijana anayejificha chooni kuvuta pampu, binti anayeogopa wachumba watajua. Dawa za kukinga nyingi ni za asubuhi na usiku tu. Iweke karibu na mswaki: unavuta, unapiga mswaki, kinywa kimesafishwa, na hakuna aliyekuona. Njia hii inamsaidia na anayesahau.

*Ujauzito.* Wengi huacha dawa zote wakijua wameshika mimba. Tafadhali usifanye hivyo. Mama akikosa hewa mtoto naye anakosa, na dawa za kawaida za kuvuta huendelea kutumika wakati wa ujauzito.

Dua na sala nazo hazigombani na pampu. Ninao wagonjwa wanaoomba kwanza ndipo wavute. Anayekuambia uache dawa ili kuonyesha imani yako anakubebesha hatari ambayo yeye hataibeba.

Hatua ya 4: Rekebisha uvutaji kabla ya kulaumu dawa

Mwambie mgonjwa akuonyeshe anavyovuta, na utaona moshi mweupe ukitokea pembeni mwa midomo au puani. Huo moshi ndiyo dawa. Imekwenda hewani. Wagonjwa wasioweza kutumia pampu zao sawasawa hufikia asilimia 70 hadi 80, na wengi wao wana hakika kwamba wanaweza. Wengi wanaokuja na maneno “dawa ya hospitali haikunisaidia, nikaenda kwenye mitishamba” hawajawahi hata siku moja kuifikisha dawa hiyo mapafuni.

Kwa pampu ya kubonyeza:

1. Toa kifuniko, tazama kama kuna uchafu ndani, itikise.
2. Toa pumzi yote taratibu, mbali na pampu.
3. Ibane kwa midomo, bila kuziba kwa ulimi wala meno.
4. Anza kuvuta polepole, na hapo hapo ubonyeze mara moja. Endelea kuvuta kwa sekunde tatu hadi tano.
5. Shikilia pumzi kwa sekunde kumi, au kadiri unavyoweza.
6. Subiri nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili.
7. Ikiwa ni steroidi, sukutua na uteme.

Pampu za unga ni kinyume: huvutwa kwa nguvu na kwa haraka, na usipulize ndani yake, kwani unyevu wa pumzi huharibu unga. Mtu aliyebadilishiwa pampu bila kufundishwa upya huvuta ya unga polepole kama alivyozoea, na hapati kitu.

Kama huwezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta, tumia spesa, kile chombo cha plastiki kinachounganishwa na pampu. Kwa mtoto mdogo ni lazima. Huna uwezo wa kuinunua? Chupa safi na kavu ya plastiki ya nusu lita inafaa. Toboa kitako chake tundu linalokaa barabara na mdomo wa pampu, uziba pembeni hewa isipite, na mgonjwa avutie mdomo wa chupa. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 kwa watoto waliobanwa ulionyesha kwamba chupa iliyozibwa vizuri ilifungua vifua sawa na spesa ya dukani. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, usiifute ndani, iache ikauke yenyewe, kwa sababu kuifuta huleta umeme tuli unaonasa dawa kwenye kuta.

Halafu hesabu mipulizo. Kuielesha pampu kwenye maji hakukuambii kitu. Pampu ya mipulizo 200, ukitumia minne kwa siku, ni siku 50. Andika tarehe ya mwisho juu yake kwa kalamu siku unayoifungua.

Hatua ya 5: Weka kila kitu mezani

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa pumu anayeficha dawa yuko njia hiyo hiyo. Wagonjwa huniambia kwa nini hawasemi: hawakuulizwa, waliogopa kugombezwa, au hawaoni kuwa mitishamba ni dawa. Sababu ya pili ni kosa letu sisi watoa huduma. Nimewahi kusimama kando nikisikia mgonjwa akifokewa mbele ya watu kwa sababu ya majani aliyochemsha. Hakuyataja tena, na sidhani aliacha kuyachemsha.

Kwa hiyo jitayarishe kabla. Siku ya kliniki beba kila kinachoingia mwilini: pampu, vidonge, chupa, unga, mafuta ya kupaka, matone ya macho, chai maalumu, virutubisho. Matone ya macho nayataja makusudi, kwa sababu matone ya presha ya macho yenye timololi yanaweza kukubana kifua. Kisha anza wewe, usingoje kuulizwa. Unaweza kusema hivi:

“Daktari, pamoja na dawa ulizonipa natumia na hii, tangu mwezi wa tatu. Naitumia kwa sababu kikohozi cha usiku hakijaisha. Sijaacha pampu. Naomba uniambie kama zinagombana.”

Kama umeacha pampu, sema umeacha. Sentensi inayoanza na “naitumia kwa sababu” ndiyo yenye thamani kubwa, maana humwonyesha daktari tiba yake imepungukiwa wapi.

Na kwa tabibu wako wa tiba asili pia sema kwamba una pumu na unatumia dawa hizi. Muulize majina ya mimea iliyomo. Tabibu anayejua kazi yake hatakuambia uache pampu.

Hatua ya 6: Ichuje kila tiba peke yake

Mimea si adui wa dawa za pumu. Nyingi zilitoka humo. Efedrini ilitolewa kwenye mmea wa efedra mwaka 1885 na mwanakemia wa Japani, Nagai Nagayoshi. Ipratropiamu, ambayo hospitali huitumia mtu akibanwa sana, ni ndugu wa atropini ya muranaha, ule mmea wa jamii ya datura ambao zamani majani yake yalivutwa kama sigara za pumu. Roger Altounyan, daktari aliyekuwa na pumu, alijibana kifua makusudi kwa vichokozi miaka ya 1950 na 1960 ili ajaribu mwilini mwake kemikali zilizotokana na mmea wa kela, na hapo ikapatikana kromoglikati, dawa ya kukinga pumu. Kilichofanyika katika habari zote hizo ni kutenga kilicho na manufaa, kupima kiasi chake, na kuacha sumu. Muranaha ukiuvuta leo bado unaweza kukuchanganya akili na kukupeleka mapigo ya moyo mbio. Efedra hupandisha presha, na Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyake mwaka 2004.

*Usiguse kabisa:* chochote cha kuvuta moshi au kujifukizia moshi, hata ubani. Moshi ni kichokozi, basi. Mvuke wa maji ya moto nao hautibu pumu, na watoto huungua kwa sufuria iliyopinduka. Mazao ya nyuki kama jeli anayolishwa malkia na chavua yamesababisha mashambulizi makali ya pumu na hata vifo kwa wenye mzio. Mafuta yenye harufu kali kama ya mkaratusi huwabana baadhi ya watu badala ya kuwafungua.

*Ogopa dawa “ya asili” inayofungua kifua kupita kiasi.* Dawa zilizouzwa kama mitishamba tupu zimewahi kukutwa na steroidi kama deksametasoni au prednisoloni ndani yake. Dalili ni hamu kubwa ya kula, uso kuwa wa mviringo, uzito kupanda na pumu kutulia kimiujiza. Ukishuku hivyo usiikatishe ghafla kama umeitumia kwa wiki nyingi, maana mwili huenda umeacha kutengeneza steroidi yake na unaweza kuanguka. Ipeleke hospitali pamoja na chupa.

*Tazama migongano.* Urukususu, ule mzizi mtamu unaotiwa kwenye dawa nyingi za kikohozi, hupunguza potasiamu mwilini, na salbutamoli nyingi pamoja na vidonge vya steroidi nazo huipunguza. Gome la mti wa willow lina kemikali jamaa ya aspirini, na takriban asilimia 7 ya watu wazima wenye pumu hubanwa na aspirini na dawa za maumivu za jamii yake.

*Zisizo na neno, lakini si tiba ya pumu:* asali (si kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja), tangawizi ya kawaida ya chakula, chai. Kahawa kweli hufungua njia za hewa kidogo kwa saa chache, na ndiyo maana huambiwa usiinywe kabla ya kipimo cha mapafu. Haitoshi kukuokoa ukibanwa. Habasoda ina tafiti ndogo zenye dalili njema, ila ni ndogo mno kuitegemea.

Vitamini D ilileta matumaini kwenye mapitio ya tafiti ya mwaka 2016, lakini mapitio mapya ya mwaka 2023 hayakuona faida yake kwa mashambulizi. Tiba ya vitobo vya sindano na homiopathi hazijathibitika.

Ninayoipendekeza kwa moyo mkunjufu ni mazoezi ya kupumua, likiwemo lile la Buteyko lililoanzia Urusi: kupumua kwa pua, polepole, bila kujaza kifua kupita kiasi. Hayabadilishi uvimbe wala vipimo vya mapafu, lakini huwapunguzia watu dalili na kuwaongezea raha ya maisha, hasa wale wanaopumua mbio kwa hofu.

Hatua ya 7: Ukitaka kujaribu, jaribu kwa kipimo

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa wa pumu, kwa zamu, salbutamoli halisi, pampu isiyo na dawa, sindano za kuigiza ile tiba ya vitobo, au kungoja bila kufanyiwa lolote. Walipowauliza wanajisikiaje, salbutamoli iliwapa nafuu ya asilimia 50, pampu tupu 45, sindano za kuigiza 46. Karibu sawa! Walipopima mapafu, salbutamoli iliyafungua kwa asilimia 20, na zile nyingine zote kama 7 tu, sawasawa na kungoja. Wagonjwa hawakusema uongo. Walijisikia vizuri kwa kweli, huku vifua vyao bado vimefungwa. Kwa ugonjwa unaoweza kuua usiku mmoja, namba hizo zinanitisha.

Basi pima. Tafuta kipima pumzi, kile kibomba chenye mshale unaosogea ukipuliza. Simama, jaza pumzi, puliza kwa nguvu mara moja, rudia mara tatu na uandike namba kubwa kuliko zote. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Kaa wiki mbili kwenye dawa zako tu, ukiwa unavuta vizuri. Kisha ongeza tiba moja pekee, kwa wiki nne, bila kugusa dawa ya kukinga. Kabla hujaanza, andika kitu gani kikitokea utasema imesaidia: labda kutoamka usiku, au namba kupanda. Namba ikishuka chini ya asilimia 80 ya namba yako bora, acha jaribio uone daktari. Wiki nne zikiisha, jibu tena yale maswali manne.

Usilifanye jaribio hili kwa mtoto, wala kwa mchanganyiko usiojua kilichomo.

Yule mama wa chupa ya nusu lita alikwenda kuuliza. Aliambiwa majina ya mizizi miwili, wa tatu akaambiwa ni siri. Akaamua mwenyewe kuiweka chupa kando kwanza. Tulitumia nusu saa nzima na ile pampu ya kahawia na spesa, mpaka moshi ukakoma kutoka pembeni mwa midomo. Siku hiyo alipuliza 190. Baada ya wiki sita alipuliza 270, na alikuwa akiamka usiku mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Bado haijadhibitiwa, na tunaendelea.

Hatua ya 8: Andika mpango wa siku ya kubanwa

Muombe daktari akuandikie kwenye karatasi moja: dawa za kila siku, cha kufanya dalili zikizidi, na wakati wa kwenda hospitali. Ibandike mahali ambapo kila aliye nyumbani ataiona, kwa sababu siku hiyo huenda wewe hutaweza kusema.

Ukibanwa, kaa wima, usilale. Vuta dawa ya kutuliza, kwa spesa kama ipo, mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, ukifika mpaka kumi. Kama pampu yako ya kutuliza ni ile ya budesonidi na formoteroli, fuata idadi iliyoandikwa kwenye mpango wako. Usianze kuchemsha kitu, usingoje kuona kama dawa ya nyumbani itashika.

Usingoje hata mipulizo kumi kabla ya kuita msaada ukiona mojawapo ya haya: mtu hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo imekuwa ya samawati, anasinzia au anachanganyikiwa, mtoto anavuta mbavu ndani kila anapopumua, au kifua kilichokuwa kikipiga mluzi kimenyamaza ghafla huku bado anahangaika. Huo ukimya si nafuu, ni hewa ambayo haipiti tena. Ita gari, na mkiwa njiani endeleeni na mipulizo.

Mkisharudi nyumbani, ndani ya wiki hiyo hiyo rudi kliniki, hata kama unajisikia vizuri. Beba mfuko wote, na ile chupa.